Udongo wa Magunia ya Viazi

Aline alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharagi mulangoni, akaniambia tu, "Mama Agronome, Papa ametuacha." Nilishituka mara mbili. Kwanza kwa habari yenyewe, maana Muzee Deo alikuwa mutu ambaye katika mawazo yangu yuko tu, ameketi pale mutaani Katoyi na kofia yake ya sufu, hata kama miaka ilikuwa imepita bila sisi kuonana. Halafu nikashitushwa na lile jina. Mimi si agronome, si mutaalamu wa kilimo. Sikuwa agronome hata mwaka ule waliponibatiza hivyo. Nilifika mwaka wa tatu wa sekondari nikaishia pale. Mwanzoni nilikuwa nikimusahihisha kila mutu aliyeniita hivyo, lakini ukisahihisha watu kila siku wanachoka, na wewe pia unachoka, mwishowe jina linabaki. Nilijifunga kitenge, nikachukua moto, pikipiki ya kubeba abiria, mpaka Katoyi, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama watu wa nyumba ile watanipokea kama mutu wao, ama kama yule musichana aliyesimama siku moja mbele ya chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, na kusema maneno ambayo hayakumupendeza baba yao.

Walinipokea vizuri. Mama Aline, mujane wake, alikuwa ndani juu ya matela, godoro lililotandikwa chini, akanishika mukono muda murefu. Nyuma ya nyumba wamama walikuwa wamekaa chini ya hema la plastiki wakimenya viazi vya wageni, ile mvua nyembamba ya kutoka ziwani ikiwadondokea mugongoni, na kati yao nikamuona Mama Sifa. Amezeeka, lakini sauti ni ileile. Alikuwa ameketi juu ya bidon ya maji iliyopinduliwa, kisu mukononi, akitoa amri kama kwamba jiko ni lake. Aliponiona hakusimama. "Kuja ukae," alisema. "Ama bado unaogopa kuchafuka?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikapokea kisu. Mama mumoja ambaye sikumujua akamuuliza kama yeye na marehemu walikuwa ndugu. "Ndugu wapi!" Mama Sifa akajibu. "Tuligombana, miye na yeye, juu ya udongo. Uliza huyu, njo alikuwa shahidi." Yule mama akaniangalia akingoja, nami sikuweza kumueleza kwa maneno machache, nikasema tu kwamba ni hadithi ndefu. Basi ninaiandika hapa. Nitajaribu kuwa wa haki kwa wote wawili. Kwa tarehe musinitegemee. Kwa chakula na maneno ya watu ninajiamini kidogo.

Mwaka ule nilikuwa na chumba cha kupanga katika parcelle, kiwanja cha Muzee Deo. Kuta zilikuwa za mbao, na kati ya ubao na ubao mulikuwa na nafasi ambazo Mama Aline alizibandika makaratasi ya magazeti. Chini hapakuwa na sima, ile saruji, ni makoro tu, yale mawe meusi ya volkano, yaliyopondwa na kusawazishwa. Viatu ukiviacha chini ya kitanda kwa juma moja vinaota ukungu mweupe kama unga. Shuka zangu sidhani zilikauka kabisa hata siku moja. Nilikuwa nimetoka upande wa Bukavu, ambako ukitaka kupanda kitu unachimba shimo na kuweka mbegu, na hapa nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha watu kupanda mboga juu ya jiwe. Mradi wetu ulikuwa na biro, ofisi yetu, mutaani Himbi, katika nyumba yenye majani yaliyokatwa vizuri na madirisha yanayoangalia ziwa. Kila siku ya kwanza ya juma tulikutana pale kunywa chai ya maziwa na kusikia habari za compost na pépinière, mbolea ya kuozesha na vitalu vya miche, na siku zingine nilizunguka Katoyi na bottes zangu za mvua, parcelle kwa parcelle, nikiwarudilia wamama yale niliyosikia. Sitaki kusema kwamba mafundisho yalikuwa mabaya. Mengi yalifaa: kupanda mboga kama shu na poireau ubavuni mwa gunia lililosimama, kufunika miche na majani ya ndizi siku ambazo mulima unatoa moshi mwingi, maana mvua ikipita katika moshi ule inachoma majani kama maji ya betri. Mengine hayakufaa. Niligawa mbegu za karoti kwa furaha kubwa, na karoti zikashuka chini, zikakutana na makoro, zikatafuta njia pembeni. Mama Sifa aliniletea moja kwenye sahani, mbele ya kikundi kizima cha wamama. "Agronome, hii karoti yako iko na miguu mbili na kitovu. Tuipike ama tuipeleke kwa padiri wamubatize?"

Mama Sifa alikuwa mupangaji kama mimi. Yeye alikaa nusu ya nyuma ya parcelle, katika nyumba ndogo ya mbao, na mbele ya nyumba yake palikuwa na bustani ambayo mimi, niliyetumwa kufundisha, nilikuwa nikiipeleka wageni wa Himbi kuiona. Lenga-lenga, ule muchicha wetu, yenye majani mapana kama mukono wa mutu muzima, matembele, seleri, vitunguu vya majani. Alivuna mapema, akaenda sokoni Birere na beseni kichwani, na kwa ile beseni watoto wake walikula na kusoma. Watu wengine wa avenue walikuwa na vijigunia vinne vitano kando ya ukuta; yeye alikuwa na shamba. Na udongo wa shamba lile ulikuwa umetoka wapi? Pale lava ilipopita hapakubaki udongo, ni makoro matupu, na mutu anayetaka kulima analeta udongo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kutoka mbali, ama anangoja miaka majani yaoze. Mama Sifa alikuwa na njia yake. Kule Birere kulikuwa na madepo ambapo malori ya viazi kutoka Masisi yalishusha mizigo. Viazi vinatoka shambani na udongo wake, na wafanyabiashara wakimwaga gunia ili kupanga vikubwa na vidogo, chini linabaki vumbi la kahawia, konzi moja, konzi mbili. Yeye, akimaliza kuuza mboga, alipita kwenye madepo na fagio. Walimuita Mama Fagio, walimucheka, walimuacha. Alirudi Katoyi na beseni ileile kichwani, sasa ina udongo. Alifanya hivyo kwa miaka. Mara nyingine katikati ya lenga-lenga kiazi kidogo kiliota chenyewe, naye hakukingoa. "Nilikimbia Masisi," aliniambia siku moja akikimwagilia maji, "kumbe Masisi inanifuata kidogo kidogo."

Aliniambia pia kwamba kabla ya kumwaga udongo wa kwanza alitandika magunia yaliyochanika juu ya makoro, sehemu yote, kwa sababu usipofanya hivyo mawe yanakunywa udongo. Mvua moja kubwa na umeshuka wote katika nyufa. Nilipenda sana ile akili, nikaisimulia Himbi. Lakini sikuyaona magunia yale kwa macho yangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye ndipo shida yangu ilikaa.

Juu ya Muzee Deo lazima niseme pia. Watu wakisimulia habari hii, wanamufanya mutu mubaya, na si kweli. Alikuwa karani wa depo ya mafuta, mwenye nyumba nzuri na shamba la migomba, mpaka lava ikapita juu ya vyote viwili. Ile parcelle ya mawe ndiyo aliyoweza kupata baadaye. Alikuwa mutu wa kunyamaza, wa kunyoa ndevu juani na kioo kidogo akiwa ameweka radio juu ya jiwe. Mutoto wa Mama Sifa alipolazwa hospitali, Muzee hakumudai kodi mpaka mutoto akapona, na hakumukumbusha baadaye. Mimi mwenyewe nilikula kwake zaidi kuliko nilivyolipa. Jioni Mama Aline alisonga fufu ya mihogo, akakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, mpaka mifupa ikawa kama chumvi mudomoni, na mboga ilitoka kwa Mama Sifa, ng'ambo ya kamba ya nguo, bila mutu kuomba. Katika daftari yangu ya mwaka ule nimeandika chakula hiki mara nyingi kuliko nilivyoandika kazi. Tulikula tukisikiliza mvua kwenye mabati. Muzee alipenda kunichokoza: "Agronome, huko kwenu Bukavu munakulaka nini, muteremuko?" Kwa ajili ya vilima.

Nilisikia habari ya kuuza kupitia magazeti ya ukutani. Ilikuwa saa za kuandaa meza, na Muzee alikuwa akimuambia Mama Aline kwamba amepata mutu wa kuchukua ile nusu ya nyuma, mufanyabiashara wa misumari na mabati kule Birere, na kwamba hiyo ndiyo itamumalizishia Aline masomo yake na kuweka sima katika nyumba. Mama Aline akauliza: "Na Mama Sifa?" Muzee akasema atapata pengine, nyumba za kupanga zipo. Kwa kweli alimutafutia yeye mwenyewe; alipata nyumba ndogo avenue ya tatu kutoka pale, yenye uwanja mubovu wa makoro lakini bei ya chini. Mama Aline akauliza tena: "Na udongo yake?" Nilisikia tu kijiko kikiwekwa mezani.

Yule mufanyabiashara alikuja kuangalia. Alipita kati ya mistari ya lenga-lenga akiinua suruali, akasema, "Ee, Muzee, huku kunapendeza! Huku kunaota!" Ni maneno ambayo mutu anasema tu akiwa mugeni mahali. Lakini Muzee Deo aliyashika. Aliona kwamba mununuzi amependa parcelle kwa sababu ya ule ukijani, na akiukuta siku ya kulipa ni mawe matupu atarudi nyuma. Basi alienda kwa Mama Sifa mwenyewe, kofia mukononi, akamuambia ahame mwisho wa mwezi, na mboga avune zote, lakini udongo unabaki.

Nilikuwa nikimwagilia miche. Nilisikia yote.

"Unabaki na nani, Papa?"

"Unabaki na parcelle. Mutu akiuzisha parcelle anauzisha na udongo. Ni vile duniani kote."

"Duniani kote, sawa. Hapa Katoyi ulinipangisha mawe. Mawe yako njo ile chini, sijakula hata moja."

"Mama Sifa, usipandishe sauti."

"Sijapandisha. Nikipandisha utasikia, na Gisenyi kule mupakani batasikia."

Na kweli baadaye alipandisha. Aliyekuwa na haki ni nani? Leo ninajua nitajibu nini, lakini wakati ule sikujua, na nadhani hata wazee wa avenue hawakujua. Kuna waliosema udongo ni kitu cha nyumba kama kitanda, mutu akihama anabeba. Wengine walisema udongo ukishalala chini miaka na mvua na samadi, umekuwa ardhi, na ardhi haihami. Kila upande ulikuwa na mifano yake. Jambo moja tu lilikuwa wazi kwa wote, hata kwa Muzee: akiuacha ule udongo, Mama Sifa anahamia kwenye makoro mikono mitupu, na miaka yote ya fagio inaanza upya. Alikuwa si kijana tena. Watoto walikuwa bado wanakula. Nilimuona siku ile jioni ameketi kati ya mistari, hafanyi kitu, anakamata udongo na kuuachilia.

Wote wawili wakanikumbuka mimi. Muzee alikuja kwanza, na thermos ya chai, akaketi kwenye bidon yangu. "Wewe ni mutu wa masomo," akasema. "Chef akikuuliza, sema tu udongo ulikuwa hapa. Si uongo. Chini ya lava kulikuwa mashamba ya watu, unajua." Nilisema ninajua. Alinywa chai, akaongeza polepole kwamba hataki kumuumiza yule mama, ila Aline amebakisha mwaka mumoja. Nilimuamini. Kesho yake Mama Sifa alinikuta kwenye foleni ya maji, akaweka bidon yake karibu na yangu. "Utasema yote ni yangu. Yote, kutoka ukuta mpaka ukuta. Na usianze kuzunguka-zunguka na maneno yako ya 'nafikiri, nafikiri'. Chef haelewake mutu wa nafikiri." Himbi, mukubwa wetu aliposikia, alinionya nisijiingize katika mambo ya parcelle. Alikuwa na haki pia. Lakini nilikuwa ndani tayari. Nililala katika nyumba ya mumoja na nilikula mboga ya mwingine.

Chef wa avenue alikuwa fundi wa kushona, na kesi alizisikiliza mulemule katika atelier yake, utepe wa kupimia shingoni, mashine mbele. Tuliketi kwenye mabenchi kati ya magauni ya kipaimara yaliyoning'inia. Muzee alieleza, Mama Sifa alieleza, na chef hakuacha kukanyaga mashine. Muzee aliponyamaza akingoja, chef akasema, "Endeleeni, nasikia na masikio, siyo na miguu." Halafu akaniita. Nilisimama. Nakumbuka niliangalia lile vazi jeupe lililokuwa mbele yangu nikiogopa nisiliguse. Nilisema hivi, ama karibu na hivi: "Udongo wa juu, ule niliouona ukifika katika beseni, ni wa Mama Sifa. Nimeuona miezi yote niliyokaa pale. Wa chini, sijui. Mama Sifa aliniambia alitandika magunia, lakini sikuyaona, na siwezi kuapa juu ya kitu nilichoambiwa. Na ile pembe ya karibu na jiko la Mama Aline, udongo wake ni mweusi, haufanani na mwingine. Ule pia sijui."

Chef aliacha kukanyaga mashine. Kisha Mama Sifa akageuka mwili muzima. "Lenga-lenga yangu ulikula kila jioni. Hukusema 'sijui'!" Watu kwenye mulango wakacheka, na mimi nikatamani makoro yafunguke. Muzee naye akapiga paja. "Munaona? Hata agronome hajui!" Kila mumoja alinikasirikia kwa sababu yake, na nilipoketi nilifikiri nimeharibu pande zote mbili, kwamba mutu mwenye akili angechagua mumoja na kumuokoa. Bado siku zingine ninafikiri hivyo. Lakini chef alitoa kitambaa chini ya sindano, akakikunja, akauliza tu: "Jembe iko wapi?"

Tulienda wote, na njiani tukawa wengi. Chef alichagua mahali mwenyewe, akizunguka kama mutu anayepima nguo. Pa kwanza palikuwa katikati ya matembele. Muzee alilima kwa mukono wake, hakutaka mwingine, na udongo ulitoka wa kahawia, laini, na jembe likaingia mpaka likashikwa na kitu kisichokuwa jiwe. Alivuta. Ikatoka mistari ya plastiki, myeupe na bluu, mirefu kama nywele za kusukwa, gunia lililooza nusu. Chini yake palikuwa na makoro makali, masafi, kama yalivyotoka mulimani. "Takataka," Muzee akasema. "Zinaletwa na upepo." Wakachimba karibu na ukuta, magunia. Wakachimba mbele ya mulango wa Mama Sifa, magunia tena, ubavu kwa ubavu. Chef aliinama akashika ile mistari. "Muzee, upepo gani unatandika kitanda?" Watu walicheka sana, na nilimuona Muzee akijaribu kukaza uso, ukamushinda kidogo kwenye mudomo.

Ilibaki ile pembe. Pale jembe lilishuka bila kushikwa na gunia lolote. Udongo mweusi, majivu, maganda ya mayai, mifupa ya samaki. Mama Sifa alikuwa amefungua kinywa. Mama Aline akasema kabla yake: "Hapa ni jiko yangu. Natupaka majivu hapa tangu tufike." Akamuangalia Mama Sifa, si kwa ubaya. "Kwingine kote nilikuwa naanika nguo juu ya mawe, kabla hujakuja. Nilipashwa kulisema pale kwa chef. Nilimuogopa bwana yangu." Muzee alimugeukia kama mutu aliyesikia radio ikitaja jina lake. Mama Sifa akafunga kinywa, akavuta pumzi, akasema: "Ile pembe ni yenu. Mama Agronome alisema kweli."

Hivyo kesi ilikatwa. Wa magunia unaenda, wa pembe unabaki. Baadaye Mama Sifa aliniambia kwamba kama ningeapa yote ni yake, ile pembe ingemufanya muongo mahali pote. Labda. Labda pia chef angekubali neno langu bila kuchimba, na mambo yangekwisha mapema bila mutu kuaibishwa. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi na silimalizi. Ninachojua ni kwamba nilipoona ile mistari ya bluu ikitoka, niliketi kwenye jiwe.

Muzee alibaki na hofu yake ya mununuzi. Aliniomba nimusindikize Birere, nieleze kwa lugha ya wataalamu kwamba parcelle bila udongo si hasara. Nilijiandaa na maneno. Tulimukuta yule mufanyabiashara amesimama juu ya rundo la mabati, akipiga kelele kwa watu wa chukudu, na Muzee alipoanza, kofia mukononi, kwamba kuna shida kidogo, udongo utatoka, yule akashuka haraka. "Utatoka? Munautoa ninyi wenyewe? Muzee, Mungu akubariki! Fundi wangu anasema musingi lazima ukae juu ya jiwe, nilikuwa najiuliza ule udongo wote nitautupa wapi." Hatukutumia neno hata moja la wataalamu. Muzee alitembea mbele yangu mpaka karibu na kituo cha moto, akasimama, akashika ukuta, na nilidhani ni moyo. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, akasema tu, "Ee, Deo, Deo," akijiita mwenyewe, na wenye moto wakatuuliza kama muzee anahitaji kupelekwa.

Siku ya kuhamisha tuliomba mvua ingoje, maana udongo ukilowa ni muzito mara mbili. Ilingoja karibu mpaka mwisho. Wamama wa kikundi walikuja na mabeseni, na chukudu mbili zilienda na kurudi mbao zikilia. Magunia mapya yalitandikwa kwanza kwenye uwanja ule mwingine, ubavu kwa ubavu, Mama Sifa akipita nyuma kukagua, akinifokea mimi zaidi kuliko wote. Kufokewa kule kulinifurahisha, kwa sababu juma lililotangulia hakuwa akinisemesha. Sambaza za mchana zililetwa na Mama Aline kwenye sufuria kubwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye parcelle anatulisha. Matone ya kwanza yalianguka tukimwaga beseni za mwisho. Mama Sifa hakukimbia ndani. Alisimama mvuani akiangalia kama maji yatashuka na udongo, na maji yalikaa juu kidogo, yakaingia, na udongo ukabaki.

Mimi nilikuwa nimefunga valizi yangu ya nguo. Hakuna aliyenifukuza, lakini nilifikiri ni heshima kuondoka kabla mutu hajakufukuza. Asubuhi iliyofuata Muzee alibisha mulangoni, hakuangalia valizi, ama aliiangalia akanyamaza. Alikuwa ameuhamisha ule udongo wa pembe mpaka mbele ya nyumba yake, kichuguu kidogo tu. Alitaka miche ya lenga-lenga, na mwenye miche bora avenue nzima alikuwa mumoja. Nilienda kumuombea. Mama Sifa, amechuchumaa kazini, hakuinua kichwa. "Umuambie akuje yeye mwenyewe. Miche haitumwake." Nilirudi na jibu nikifikiri ndio mwisho. Muzee alivaa koti, akaenda. Nilimufuata mpaka kwenye uzio, nikabaki inje, sikutaka kuwa shahidi tena. Halafu nikamusikia Mama Sifa:

"Hapana, Papa, siyo vile! Unaishika kama kalamu. Shika chini, kwa mizizi. Polepole. Njo vile. Lete na ingine."